Je, Wajua? Ziwa Linalokunja Hewa

Chukua bomba la sindano lisilo na ncha. Vuta hewa ijae, ziba tundu kwa kidole gumba, kisha sukuma. Mwanzoni hewa inakubali, halafu inaanza kukataa, na ukiachia inarudisha mpini nyuma yenyewe. Ukiibana iingie kwenye nusu ya nafasi yake, nguvu yake ya kusukuma inakuwa mara mbili. Ukiibana iingie kwenye robo, inakuwa mara nne. Sharti ni moja tu: joto lisibadilike. Hiyo ndiyo sheria nzima, unaweza kuiandika kwenye kiganja. Nasi wa Uvira tumepewa mahali pa ajabu pa kuitazama, maana ukisimama Songo mlima uko mgongoni na ziwa liko miguuni, na hewa inabanwa na kuachiwa pande zote mbili.

Bido zima ndani ya kikombe cha kahawa

Je, wajua kwamba ukilishusha bido tupu la lita 20 hadi sakafu ya Ziwa Tanganyika, hewa yote iliyomo itatosha kwenye kikombe kidogo cha kahawa? Mahali penye kina kirefu kuliko pote, upande wa kusini, pana mita 1,470, na huko chini hewa inabanwa mara 156 kuliko ufukoni kwetu. Gawa lita 20 kwa 156: unabaki na mililita 128, huku plastiki ya bido ikiwa imekunjamana zamani njiani.

Kwa wapenda mpira nina hesabu nyingine. Hewa inayojaza nafasi ya mpira wa miguu, ikifika huko chini, inabaki na nafasi ya kile kipira cheupe cha tenisi ya mezani. Kina hicho kilipimwa na msafara wa wataalamu wa Ubelgiji mwaka 1946 na 1947, na André Capart akachapisha ramani ya sakafu ya ziwa mwaka 1949. 

Mita tisa na nusu, si kumi

Wazamiaji wa Mombasa na Zanzibar hufundishwa kwamba kila mita 10 za maji zinaongeza mzigo sawa na hewa yote iliyo juu ya bahari. Uvira hesabu hiyo inapungua: mita tisa na nusu zinatosha kuufanya mgandamizo uwe mara mbili. Uso wa ziwa letu uko zaidi ya mita 770 juu ya bahari, kwa hiyo hewa inayotulemea ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko ile ya pwani.

Ndiyo maana pia sufuria ya Uvira inachemka kwenye nyuzi 97 hivi, wakati ile ya Mombasa inangoja 100.

Ziwa lenye joto moja toka juu hadi chini

Hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Sheria inataka joto lisibadilike, na karibu kila maji marefu duniani yanaivunja. Katika Bahari ya Hindi uso una nyuzi 27, lakini ukishuka kilomita chache unakuta nyuzi mbili au tatu, baridi ya friji. Ziwa Baikal la Urusi, ambalo ndilo pekee linaloshinda letu kwa kina, lina vilindi vya nyuzi tatu au nne.

Tanganyika je? Juu kuna nyuzi 24 hadi 28 kulingana na majira, na sakafuni kabisa kuna nyuzi 23 na kidogo. Mita 1,470 za kushuka, na tofauti ya joto ni kama ile ya asubuhi na saa nne kwenye veranda yako! Tofauti ya nyuzi tatu inabadilisha ujazo wa hewa kwa asilimia moja tu. Mtu akiniambia nitafute mahali ambapo kiputo kinaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja huku kikitii sheria hii karibu kwa ukamilifu, nitamwonyesha ziwa letu na sitataja lingine.

Sheria iliyozaliwa kwenye ngazi za nyumba

Je, wajua kwamba jaribio lililoleta sheria hii lilishindwa kuingia chumbani? Robert Boyle, aliyezaliwa Lismore, Ireland, mwaka 1627 akiwa mtoto wa 14 wa tajiri mkubwa, alitengenezewa bomba la kioo lililopindwa kama fimbo ya mzee iliyogeuzwa juu chini: mguu mmoja mfupi uliozibwa, mwingine mrefu ulio wazi. Bomba lilikuwa refu hata ikabidi lisimamishwe kwenye ngazi za nyumba, msaidizi akimimina zebaki kutoka juu na mwingine akisoma vipimo chini. La kwanza lilivunjika. Wakatengeneza lingine.

Hewa ilinaswa kwenye mguu mfupi, na kila zebaki ilipoongezwa ilibanwa zaidi. Haya hapa matokeo yake ya mwaka 1662, ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuyakagua kwa kalamu na karatasi. Hewa ilipokuwa na nafasi 48, mgandamizo ulikuwa inchi 29.1 za zebaki. Ilipobanwa hadi nafasi 24, ukawa 58.8. Ilipofika nafasi 12, ukawa 117.6. Zidisha nafasi kwa mgandamizo kila mara: unapata takribani 1,400, kisha 1,411, kisha 1,411. Kosa la kama asilimia moja, kwa zebaki iliyomiminwa kwa mkono ngazini, ikifikia kimo cha mita mbili na robo! Zipo maabara za leo ambazo zingejivunia hesabu hiyo.

Boyle mwenyewe hakudai sifa zote. Alisema wazi kwamba wazo la uhusiano huo lilikuwa la Richard Towneley, ambaye pamoja na daktari Henry Power alipanda mlima Pendle huko Uingereza na vipimo vyake mwezi wa nne mwaka 1661, ili kuona hewa inavyolegea kadiri unavyopanda. Pendle ina mita 557 juu ya bahari. Uso wa ziwa letu peke yake uko juu zaidi ya kilele chake, bila hata kuigusa milima ya Mitumba.

Kwa nini walimu wetu hutaja majina mawili

Mtoto wa Uvira anafundishwa sheria ya Boyle-Mariotte, lakini binamu yake wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa lilelile, anaijua kama sheria ya Boyle basi. Shule zetu zilirithi vitabu vya Kifaransa, na Edme Mariotte alikuwa padri wa Kifaransa aliyeifikia sheria hiyo peke yake miaka kama 14 baada ya Boyle. Nadhani kumtaja ni haki. Mariotte ndiye aliyesisitiza lile sharti la joto, na bila sharti hilo sheria haisimami. Utaona kwa pampu ya baiskeli.

Pampu inayounguza kidole

Pampu ya baiskeli (au ya kinga, kama tunavyoiita baiskeli huku) inabana hewa hadi karibu robo ya nafasi yake kabla tairi gumu halijakubali kuipokea. Maana yake, pampu yenye urefu wa sentimita 40 haiingizi chochote mpaka ubakize sentimita 10 za mwisho. Kabla ya hapo unapigana na hewa bure. Na ukipampu haraka, shika chini ya pampu: ni ya moto. Kama joto lile lisingepata njia ya kutoka, hewa ya ndani ingezidi nyuzi 150.

Rudolf Diesel aliona utajiri pale ambapo wengine waliona vidole vilivyoungua. Injini yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri, mwaka 1897, ilibana hewa haraka na kwa nguvu hata mafuta yaliyopulizwa ndani yakawaka yenyewe, bila cheche. Kila lori la mazuti linalopanda kutoka Kamanyola linawasha moto wake kwa kuvunja sharti la Mariotte, mara nyingi kila sekunde.

Wazamiaji kumi na maji ya moto ya Ubwari

Je, wajua kwamba chini ya ziwa letu, upande huu wetu wa Kongo, kuna mabomba ya asili yanayotoa maji yenye joto la hadi nyuzi 103? Yaligunduliwa mwezi wa nne mwaka 1987 katika sehemu mbili za kaskazini mwa ziwa: Pemba, na rasi ya Banza kwenye peninsula ya Ubwari. Kati ya mwezi wa nane na wa kumi mwaka 1991 ukaja msafara ulioitwa TANGANYDRO, ukiwa na watu wa Ufaransa, Zaire ya wakati ule, Ujerumani na Burundi. Wazamiaji kumi wakashuka na mitungi mgongoni kuyatazama kwa macho.

Waliyafuata matundu hayo hadi kina cha mita 46, yakiwa yamejipanga kwenye nyufa za ardhi ambako Bonde la Ufa bado linajipanua. Huko Banza walikuta midomo midogo ya mawe meupe iliyojijenga yenyewe kwa madini yanayotoka na maji; mingine haikuzidi sentimita moja, mingine ilisimama sentimita 70, kimo cha mtoto anayejifunza kutembea. Huko Pemba kulikuwa na mishipa ya madini ya salfa na chuma yenye kung'aa kama dhahabu bandia.

Sasa tuirudie hesabu yetu. Maji ya nyuzi 103 yakiwa ufukoni Uvira yangechemka papo hapo na kurusha mvuke, lakini mita mbili tatu za maji juu yake zinatosha kuyatuliza. Na kiputo cha gesi kinachotoka mita 46 chini kinabanwa karibu mara sita kuliko hewa ya juu. Kikianza safari kikiwa na ukubwa wa punje ya njegere, kinafika juu kikiwa kama gololi. Wale wazamiaji nao walilipa kodi ileile: kila pumzi waliyovuta huko chini ilimeza hewa ya pumzi sita za juu, kwa hiyo mtungi ambao ungemtosha mtu saa moja na nusu akiwa mtumbwini ulikuwa wa robo saa tu.

Pumzi isizuiwe

Mzamiaji anayepumua kwa mtungi akipanda huku amebana pumzi anaweza kuumia mapafu kwa safari ya mita chache tu. Hewa aliyoivuta chini inataka nafasi kubwa zaidi kila anapopanda, na mapafu hayana mlango mwingine zaidi ya koo. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya wazamiaji duniani kote ni hii: endelea kupumua. Ajabu ni kwamba hatari kubwa zaidi iko karibu na uso, kwa sababu zile mita tisa na nusu za mwisho peke yake zinaifanya hewa iwe mara mbili.

Swila wa ziwani

Ziwa letu lina nyoka wake, swila wa maji ambaye mtaalamu Louis Dollo alimwandika katika vitabu mwaka 1886 na kumpa jina la Émile Storms, ofisa wa Kibelgiji aliyejenga kituo cha Mpala miaka mitatu kabla. Nyoka huyu hula samaki, huzama hadi mita 25, na anaweza kukaa chini dakika 10. Kwenye kina hicho hewa ya pafu lake imebanwa hadi kama robo ya nafasi yake ya kawaida. Kwake hiyo ni faida, maana pafu lililosinyaa halimwinui juu, naye anapenya katikati ya mawe bila kupigana na maji. Ana sumu, lakini ana aibu kuliko sifa zake; ukimwona ufukoni, mpishe aende zake.

Sakafu ya ziwa iko wodini

Je, wajua kwamba mtungi wa oksijeni uliosimama kando ya kitanda cha mgonjwa umebana gesi kwa nguvu karibu sawa na ile ya sakafu ya Ziwa Tanganyika? Mtungi uliojaa hufikia mgandamizo wa mara 150 ya hewa ya kawaida. Kwa hiyo mtungi wa lita 40, ambao mtu mmoja mwenye nguvu anauviringisha, unatoa lita 6,000 za oksijeni. Mgonjwa anayepewa lita tano kila dakika anaishi nao saa 20.

Muuguzi anayetazama mshale wa kipimo anafanya hesabu ya Boyle kichwani. Mshale ukishuka hadi nusu, anajua zimebaki saa 10. Kwa sababu hiyo mshale huo unatazamwa jioni, kabla giza halijaingia na barabara haijalala.

Chupa iliyokunjwa na mlima

Kunywa maji yote ya chupa ya lita moja na nusu ukiwa Hauts Plateaux, kwenye kimo cha mita 2,500, funga kifuniko barabara, kisha shuka nayo hadi Uvira. Ukifika utaikuta imebonyea mbavuni kana kwamba kuna mtu ameikalia. Hakuna aliyeikalia ila hewa ya ziwani. Hewa ya mlimani iliyomo ndani imepoteza karibu sehemu moja ya tano ya nafasi yake, bila hata tone kutoka au kuingia.

Geuza safari uone kinyume chake: pakiti ya biskuti iliyotoka ufukoni inafika juu ikiwa imetuna kama mto wa kulalia. Na masikio yako yanasimulia habari ileile kwenye kona za Ngomo ukielekea Bukavu. Hewa iliyonaswa nyuma ya ngoma ya sikio inatanuka, inatafuta njia kuelekea kooni, na ukimeza mate unasikia mlio mdogo, njia ikiwa imefunguka. Mama anayemnyonyesha mtoto garini wakati huo anamsaidia pasipo kujua, maana kila funda la maziwa unafungua vijia hivyo.

Kila pumzi ni jaribio

Unavuta pumzi kama mara 20,000 kwa siku, na hakuna hata moja ambayo mapafu yenyewe yameivuta. Mapafu hayana misuli ya kazi hiyo. Kiwambo kilicho chini ya mbavu kinashuka, kifua kinapanuka, na hewa ya ndani ikipata nafasi zaidi mgandamizo wake unapungua kidogo mno, kama nguvu ya kunyonya maji kwenye mrija yapande sentimita moja au mbili tu. Hewa ya nje inaona upungufu huo na kuingia yenyewe, nusu lita kwa mara moja. Sheria ileile ya zebaki kwenye ngazi, ikifanya kazi ndani yako ukiwa usingizini.

Hewa inayokwenda Bujumbura kwa dakika moja

Chembe za hewa iliyo mbele ya pua yako zinakimbia kwa wastani wa mita 470 hivi kila sekunde. Kama moja ingeachwa ikimbie moja kwa moja bila kugongana na nyenzake, ingetoka Uvira na kufika Bujumbura kwa dakika moja, bila kusimama Kavimvira wala Gatumba. Haifiki kwa sababu inagongana na nyingine mabilioni ya mara kila sekunde.

Mgandamizo ni hizo ngumi ndogo zikipiga ukuta wa chombo. Punguza chumba kiwe nusu, na kila kipande cha ukuta kinapigwa mara mbili zaidi. Joto nalo ni kasi ya chembe zenyewe, na hapo ndipo unapoona kwa nini lazima litulie: ukilibadilisha, umebadilisha uzito wa ngumi. Daniel Bernoulli alieleza hivyo mwaka 1738, wakati wataalamu wengi walikuwa bado wanadhani hewa inasukuma kama manyoya ya kondoo yaliyobanwa.

Gesi inayojipandisha yenyewe

Je, wajua kwamba Ziwa Kivu, ambalo maji yake yanatufikia kupitia mto Ruzizi, limefunga chini yake kama kilomita za ujazo 300 za gesi ya kaboni dioksidi na 60 za methani? Hizo ni hesabu za gesi hiyo ikiwa imeachiwa huru. Ndani ya ziwa haionekani hata kiputo, kwa sababu uzito wa maji unaishikilia imeyeyuka, kama vile kifuniko kinavyoishikilia gesi ya soda. Kivu lina kina cha mita 485, na hazina hiyo imelala kwenye vilindi.

Namna ya kuitoa ndiyo inayonipa raha. Unashusha bomba refu, unayavuta maji ya chini kwa pampu, kisha unazima pampu. Maji yanaendelea kupanda yenyewe! Yakipanda mgandamizo unapungua, gesi inajitenga na kuwa viputo, viputo vinatanuka kila mita, maji ya bombani yanakuwa mepesi kuliko yaliyo nje, na maji ya nje yanayasukuma juu bila kuchoka. Huko Gisenyi kiwanda cha bia kilianza kutumia methani ya rasi ya Rubona mwaka 1963. Leo mtambo wa KivuWatt, karibu na Kibuye upande wa Rwanda, unazalisha megawati 26 za umeme kwa gesi hiyo.

Upande wa pili wa habari hii ni mzito. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kamerun, dogo kabisa ukililinganisha na Kivu, lilifumuka lenyewe kwa mtindo huohuo. Gesi ikashuka mabondeni, ikaua zaidi ya watu 1,700, wengi wao wakiwa wamelala. Mwaka 2001 wakaweka bomba la kuipunguza, na maji yakaruka hewani mita 50 bila pampu yoyote. Wenzetu wa Goma wanaoyajua mazuku, zile pepo za kaboni dioksidi zinazojikusanya kwenye mabonde ya lava, hawahitaji kuambiwa kwa nini vilindi vya Kivu vinapimwa kila wakati.

Mzamiaji wa kifuniko cha biki

Jaribio hili ni la watoto wa nyumbani, na watu wazima watalinyang'anya. Chukua kifuniko cha kalamu ya biki, ziba kitundu cha juu kwa chuingamu, kisha bandika chuingamu nyingine kidogo kwenye mdomo wake wa chini mpaka kielee wima majini, kikikaribia kuzama. Mdomo usiuzibe. Kitumbukize kwenye chupa ya plastiki iliyojaa maji hadi shingoni, funga, kisha binya chupa kwa mkono mmoja.

Kifuniko kinazama. Achia, kinapanda. Ukitazama kwa makini utaona maji yakiingia ndani ya kifuniko unapobinya, kwa sababu hewa iliyomo inabanwa na kuacha nafasi. Unaweza kukisimamisha katikati ya chupa, kiking'ang'ania pale pale, ukimwambia mdogo wako kwamba kinasikia sauti yako.

Taa ya pampu na ndakala

Kabla ya taa za sola na betri, usiku wa ziwa letu uliwashwa na hewa iliyobanwa. Taa ya pampu, karabai, ina tangi lenye mafuta ya taa chini na hewa juu. Mvuvi anapampu, hewa inabanwa, nayo inayasukuma mafuta yapande hadi kwenye moto. Mafuta yanapopungua, hewa inapata nafasi kubwa zaidi na nguvu yake inashuka. Mwanga unafifia, na mvuvi anainama kupampu tena. Wazee waliokuwa wakivua kwa taa hizo waliisoma sheria ya Boyle kwa rangi ya mwanga, na walijua kwa jicho ni saa ngapi taa itaomba pumzi.

Nao ndakala, wale dagaa wetu wanaoufuata mwanga huo, wana hewa yao. Mchana wanakaa chini, wengine hadi mita 100 hivi, wakiwakimbia samaki mukeke wanaowawinda na macho ya ndege. Hawawezi kwenda mbali zaidi ya hapo, kwa kuwa upande wetu wa kaskazini oksijeni ya ziwa inakwisha kwenye mita 100 hadi 150, na maji yote yaliyo chini ya hapo hayana samaki. Kila ndakala ana kibofu cha hewa tumboni cha kumsaidia kuelea, na kwenye mita 100 kibofu hicho kinabanwa zaidi ya mara 11.

Kuhe, yule samaki mkubwa wa mawe na mchanga, ana kibofu kilichofungwa, kwa hiyo ukimvuta ghafla kutoka chini hewa yake inatanuka haina pa kutokea, naye anafika juu ametuna. Wanaokamata samaki wa mapambo ziwani huwapandisha wale wa vilindini polepole, wakiwapumzisha njiani, ili kibofu kipate muda wa kuzoea. Ndakala hana shida hiyo. Kibofu chake kina kijia kinachoelekea kwenye njia ya chakula, na hewa ikizidi anaitoa. Kwa hiyo jua likizama nyuma ya Mitumba, ndakala kwa mamilioni wanaanza kupanda kutoka gizani, kila mmoja akipunguza hewa yake kidogo kidogo, na juu ya maji, mbele ya bandari ya Kalundu, taa zinawashwa moja baada ya nyingine.